Kutoka Dodoma hadi ufukweni Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mbukwenyi, kama tunavyosalimiana kwa Kigogo. Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasaidia majirani, wafanyakazi wenzangu na vikundi vya kanisani kupanga likizo za ufukweni. Maswali ninayopata yanafanana, basi nimeona niyaandike hapa na majibu yake. Mengi yanahusu Unguja kwa sababu ndiko wengi wetu tunakokwenda, ila Mafia na Pemba nimezigusa pia.

Nianze na kipi: tiketi, hoteli au ruhusa ya likizo?

Anza na mwezi. Namaanisha mwezi wa angani.

Mara ya kwanza tulipokwenda na familia, tulichagua Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kwa sababu ya picha. Tulifika usiku, tukalala kwa hamu. Asubuhi tukanywa chai, watoto wakavaa maboya yao, tukashuka ufukweni kama saa 4. Bahari haikuwepo. Kulikuwa na mchanga wenye tope, vijidimbwi, vijiti vilivyopangwa kwa mistari na akina mama waliojifunga kanga wakifunga mwani kwenye kamba. Maji yalikuwa mstari mweupe mbali sana, kule mawimbi yanakovunjikia kwenye mwamba. Mwanangu mdogo akaniuliza kama bahari imekauka kama mto wa kwetu. Kwa mtoto aliyezoea makorongo ya Dodoma, ambayo mwaka mwingi ni mchanga mtupu, lilikuwa swali la haki kabisa. Mama mmoja aliyekuwa na gunia la mwani alitusikia, akasema, "Wanangu, leo bamvua. Subirini adhuhuri ipite, yanarudi." Yalirudi kweli. Saa 8 mchana mahali tulipokuwa tumesimama asubuhi palikuwa na maji ya kifuani.

Tangu siku hiyo sipangi safari ya mtu bila kuuliza mwezi utakuwa na siku ngapi.

Bamvua ni nini, na mimi wa bara nitaijuaje?

Kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kati ya kujaa na kupwa ni kama saa 6, na kila siku muda unasogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, hivyo maji hujaa sana na kupwa sana. Hiyo ndiyo bamvua. Kwenye siku ya 7 au 8 ya mwezi, na tena siku ya 22 au 23, nguvu hizo mbili zinakatana na maji hayasogei sana. Hayo ni maji mafu.

Sasa shika hili, maana ndilo litakalokusaidia zaidi ya yote niliyoandika hapa. Unguja, siku za bamvua, maji hujaa kama saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa 4, asubuhi na usiku. Yaani saa ile ile ambayo mgeni amemaliza chai na kushuka na taulo, ndiyo saa bahari imeondoka. Siku za maji mafu ni kinyume chake: maji hujaa kama saa 4 asubuhi, na hata yakipwa jioni hayaendi mbali.

Kwa hiyo kama likizo yako ni ya siku nne na unataka kuogelea na watoto asubuhi, tafuta siku za nusu mwezi. Kama unapenda kutembea juu ya mchanga mpaka karibu na mwamba ukaangalia viumbe vya baharini, nenda bamvua. Hakuna siku mbaya, kuna kutojua tu. Jirani yako Mwislamu anayefuatilia mwezi atakwambia leo ni tarehe ngapi. Asipokuwepo, toka nje usiku utazame. Anga la Dodoma wakati wa kiangazi halina mawingu, mwezi unauona wote.

Pwani ipi inafaa zaidi?

Kama umekwishapata ruhusa na tarehe zako zimeangukia bamvua, nenda kaskazini: Nungwi au Kendwa. Kule ufukwe unashuka haraka, na unaweza kuogelea karibu saa zote. Ndiyo maana bei zake ziko juu na watu ni wengi. Kendwa ni tulivu kidogo kuliko Nungwi.

Pwani ya mashariki, yaani Paje, Bwejuu, Jambiani, na juu yake Kiwengwa na Matemwe, ndiyo inayopwa mbali. Mchanga wake ni mweupe na laini kama unga, na nyumba za wageni za bei ya kawaida ni nyingi zaidi, hasa Jambiani. Mimi moyo wangu uko Jambiani. Kijiji bado ni kijiji. Watoto wanatoka madrasa wakipita katikati ya wageni, na samaki unamnunua kwa mvuvi mwenyewe. Paje ina vijana wengi na wale wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa. Mtu anayetafuta usingizi asikae katikati ya Paje.

Ukitembea wakati wa kupwa, zunguka mashamba ya mwani, usikanyage kamba wala vijiti. Lile ni shamba la mtu, na wakulima wengi ni wanawake. Ni sawa na mgeni kuja Dodoma akapita katikati ya shamba lako la zabibu.

Mwezi gani wa mwaka ni mzuri?

Wengi wetu Dodoma ratiba zetu zinaamuliwa na Bunge. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika Juni, na mtumishi wa wizara hapati ruhusa kirahisi katika kipindi hicho. Likizo inatoka Julai na Agosti. Bahati mbaya ndio wakati Wazungu nao wanapumzika, hivyo hoteli zinapanda bei, na ndio wakati wa upepo wa kusi. Kusi huleta ubaridi mtamu, mvua chache na bahari yenye mawimbi, hasa mashariki. Boti hucheza sana Julai.

Desemba hadi Februari ni wakati wa upepo wa kaskazi. Joto ni kali na maji ni ya vuguvugu. Kuanzia Krismasi mpaka mwanzoni mwa Januari bei hupanda tena.

Masika, Machi hadi Mei, mvua ni kubwa na baadhi ya hoteli hufungwa, lakini zinazobaki wazi hushusha bei sana. Nimewahi kupeleka kikundi mwishoni mwa Mei. Walinyeshewa siku moja kati ya nne na walilipa karibu nusu. Siahidi kwamba nawe utapata hivyo.

Ukiniuliza mimi, nachagua Septemba na Oktoba. Kusi inaisha, tunaingia tanga mbili, yaani kipindi cha upepo kugeuka kati ya kusi na kaskazi, bahari inatulia, wageni wa Agosti wameondoka, na mvua za vuli hazijashika.

Treni, basi au ndege?

Treni ya SGR imebadilisha kila kitu kwetu. Safari za Dar es Salaam hadi Dodoma zilianza Julai 2024, na uzinduzi rasmi ulifanywa na Rais Samia tarehe 1 Agosti 2024. Unatumia kama saa tatu na nusu hadi nne. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati ule ilikuwa Sh 31,000, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Lakini faida kubwa kuliko muda ni mahali unaposhukia. Stesheni ya Magufuli iko katikati ya jiji, jirani na bandari. Ukiwa na begi dogo unatembea kwa miguu, ukiwa na watoto unachukua bajaji. Basi linakushusha Mbezi Louis, na kutoka huko hadi bandarini kwa foleni za Dar unaweza kukosa boti ukiwa unaiona bahari.

Kata tiketi mapema, hasa za Ijumaa na Jumapili. Jina kwenye tiketi lifanane na kitambulisho. Fika stesheni mapema pia, maana mizigo inakaguliwa kama uwanja wa ndege.

Ndege inafaa kama muda wako ni mfupi kuliko fedha zako.

Boti nayo? Naogopa maji.

Woga huo nauheshimu, nami nilikuwa nao. Tunakumbuka MV Spice Islander iliyozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imezidisha abiria, na MV Skagit Julai 2012 ikitokea Dar. Familia nyingi bado zina majonzi. Kwa hiyo kanuni yangu haina mjadala: panda boti ya kampuni inayojulikana, kata tiketi dirishani kwao au kwenye mtandao wao, na usikubali kamwe jahazi au chombo cha kienyeji kuvuka mkondo wa Zanzibar, hata kama ni nusu bei. Ukiona chombo kimejaa kupita kiasi, shuka. Tiketi inanunuliwa tena.

Boti ziendazo kasi hutumia kama saa mbili hadi Malindi, Unguja. Kwa kichefuchefu: kula kitu chepesi saa moja kabla, meza dawa kabla ya kupanda na si baada ya kuanza kuumwa, kaa chini na upande wa nyuma ambako kunacheza kidogo, na tazama mbali kwenye upeo wa macho. Simu iweke mfukoni. Boti ya asubuhi mara nyingi hupata bahari tulivu kuliko ya jioni.

Nje ya geti la bandari watakuzunguka watu wa kukubebea mzigo na wa kukukatia tiketi. Shika begi lako mwenyewe, tabasamu, endelea mbele.

Nahitaji pasipoti?

Mtanzania hahitaji. Beba kitambulisho cha NIDA, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kama una rafiki au mwenza wa nchi nyingine, yeye atabeba pasipoti, na tangu Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanatakiwa kuwa na bima ya kusafiri ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Sisi haituhusu.

Nitajuaje kwamba hoteli ni ya kweli? Wanataka nitume nusu ya fedha.

Hili limeniuma mwenyewe. Mwaka mmoja nililipia nyumba ya vyumba vitatu kwa ajili ya familia mbili. Picha nzuri, ukurasa una wafuasi wengi, dada wa kwenye simu ana lugha tamu. Tulipofika, mwenye nyumba halisi hakuwa anatujua. Tulikaa juu ya mabegi mpaka magharibi, watoto wana njaa, mama mkwe wangu kimya kabisa, na kimya chake ndicho kilichonichoma zaidi. Fedha hazikurudi.

Sasa nafanya hivi. Natafuta namba ya hoteli mahali tofauti na ule ukurasa ulionivutia, napiga simu ya sauti. Naomba video fupi ya chumba ikipigwa siku hiyo hiyo, mlangoni mpaka dirishani. Namba ya kulipia lazima itoke jina la biashara. Likitokea jina la mtu binafsi, nauliza kwa nini, na jibu lisiponiridhisha naacha. Nalipa kidogo kadiri wanavyokubali, mengine nikifika.

Halafu sema mwanzoni kwamba wewe ni Mtanzania na uombe bei ya mkaazi kwa shilingi. Sehemu nyingi wanayo. Wasiposikia ukiuliza, watakupa ya dola.

Tufike tu ufukweni au tukae mjini pia?

Lala mjini usiku mmoja. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000, na ni urithi wetu. Jioni nenda bustani ya Forodhani. Kula urojo ukiwa wa moto, ule wa bajia, kachori, viazi na embe bichi la kukwaruza juu yake, na mishkaki pembeni. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani, hasa pweza na kamba.

Vijana watakufuata wakitaka kukutembeza. Wenyeji huwaita papasi. Wengine ni watu wazuri na wanaujua mji, lakini patana bei kwanza au kataa kwa adabu, "Ahsante ndugu yangu, leo tunapumzika," bila kusimama.

Kwenda ufukweni kwa bei nafuu kuna daladala; namba 116 ndiyo ya Nungwi. Kwa familia yenye mizigo, kodini gari dogo pamoja na dereva.

Tuvaeje?

Nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Mjini na vijijini funika mabega na magoti, wanaume kwa wanawake. Kanga mbili zinatosha kwa kila kitu. Toa salamu kabla ya kuuliza lolote, hata kama unauliza njia tu. Zanzibar mtu anayeanza na shida bila salamu anaonekana hana malezi. Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Hotelini utahudumiwa, lakini migahawa mingi ya mjini inafungwa mpaka futari. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo itafute kwenye kalenda kabla ya kulipia chochote.

Tunatoka penye jua. Kuna haja ya kujikinga?

Ipo. Jua letu ni kavu na lina kivuli cha nyumba. La baharini linakupiga juu na kuakisi kutoka kwenye maji, na chumvi inamalizia. Watoto wavalishe fulana hata wakiwa majini. Vaeni yeboyebo mnapotembea kwenye mwamba, kwa sababu wale viumbe weusi wenye miiba mirefu hawasamehi, na mwiba wake hukatikia ndani ya nyayo. Hewa ni nzito na yenye unyevu: nguo ya Dodoma inayokauka kwa nusu saa, kule inalala kambani siku nzima. Ongeza jozi moja.

Sijui kuogelea.

Wengi wetu hatujui. Fukwe nyingi za wazi hazina mwokoaji. Kaa pale ambapo maji yanaishia kiunoni, mshike mtoto mkono, usimwangalie kwa macho tu ukiwa kwenye kiti. Na kama mmetembea mpaka mwambani wakati wa kupwa, geuzeni mara tu mkiona maji yanaanza kuingia kwenye vijidimbwi nyuma yenu. Wakati wa bamvua hurudi haraka, na hujaza kwanza sehemu za chini zilizo kati yenu na nchi kavu.

Mafia na Pemba je?

Mafia ni kwa anayependa kuona vilivyo chini ya maji. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa 1995, ya kwanza nchini. Kati ya Oktoba na Februari unaweza kuogelea karibu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hali watu. Nauli ni za juu kwa ndege, na kwa njia ya nchi kavu unapitia Kibiti hadi Nyamisati kisha chombo cha majini. Tenga siku tano, chini ya hapo utaishia njiani.

Pemba ni kijani kibichi, vilima vya mikarafuu, na ufukwe wa Vumawimbi ambao unaweza kuwa wenu peke yenu. Huduma ni chache. Mpeleke mtu ambaye amekwishaona Unguja.

Kikundi chetu cha akina mama kina fedha kidogo. Tukose kabisa?

Hapana, mama zangu. Pandeni treni Ijumaa, laleni Dar, na Jumamosi mwende kisiwa cha Mbudya kwa boti ndogo kutoka Kunduchi, au Bongoyo kutoka Msasani. Vyote ni hifadhi, mnalipa kiingilio cha Mtanzania, mnaogelea, mnakula samaki wa kukaanga na chipsi chini ya banda la makuti, na jioni mmerudi. Nilipeleka akina mama 14 namna hiyo. Kulikuwa na bibi wa miaka sabini na kitu ambaye hakuwahi kuiona bahari. Alikaa kwenye maji ya chini na gauni lake lote kuanzia saa 5 mpaka tunaitwa kuondoka, akikataa kutoka hata kula, tukampelekea sahani pale pale.

Anzeni kuchanga sasa kwa ajili ya Unguja mwakani, kwa utaratibu wa vikoba mnaoujua, na fedha ziwe kwenye akaunti ya kikundi, zisiwe kwa mtu.

Nipeleke zawadi gani, nirudi na nini?

Peleka zabibu zikiwa msimu, na karanga. Wenyeji wetu wa Jambiani huziulizia. Zifungie kwenye boksi au kikapu, si mfuko wa plastiki, maana umepigwa marufuku kote. Rudi na viungo, halua na ubuyu. Mibuyu tunayo sisi, lakini mkono wa kuupika na iliki ni wao. Makombe, matumbawe na kitu chochote cha kasa usinunue.

Safari ya kurudi nipange vipi?

Weka angalau saa tatu kati ya boti kufika Dar na treni kuondoka, kwa sababu upepo ukichafuka boti huchelewa na treni haikungoji. Usirudi Jumapili jioni kama Jumatatu una kikao. Sisi huchukua boti ya asubuhi, tunakula mchana Dar, tunapanda treni ya jioni. Koti liwe juu kabisa ndani ya begi. Ukishuka Dodoma usiku wa Julai, ngozi ikiwa bado na chumvi, utalihitaji kabla hujafika kwenye bajaji.